Ndege Haifuati Reli

Kosa langu la kwanza uwanjani lilikuwa kudhani kwamba ndege hupita njia ya treni.

Naliandika waziwazi kwa sababu kwa muda mrefu nililificha. Nilikuwa nimechukuliwa kuwa karani msaidizi katika uwanja wa ndege wa Tabora, kwa majaribio ya miezi mitatu. Kazi yangu ilikuwa kuandika kwenye ubao mweusi saa ambayo ndege ya kutoka Dar es Salaam ingefika. Simu ya upepo, ile isiyo na waya, ilituletea habari moja tu: ndege imeondoka pwani saa fulani. Yaliyobaki yalikuwa hesabu, maili kugawa kwa mwendo. Bwana mkubwa wa uwanja, Mwingereza asiyependa kurudia maneno, alinionyesha mara moja akaniachia chaki.

Mwendo wa ndege niliambiwa. Maili niliamini ninazijua. Sisi watu wa Tabora tumekua na maili za Dar es Salaam kichwani, na maili hizo ni za reli: mia tano na ishirini na kidogo. Mtu yeyote aliyewahi kukaa stesheni akingoja mgeni atakutajia. Na reli yenyewe, sehemu kubwa, imelala kulekule walikopita wapagazi. Kwetu njia ya pwani ilikuwa moja. Mababu waliitembea kwa miguu, baba zetu wakaikalia kwenye behewa, nami nikadhani sasa itapitwa kwa juu. Nikagawa, nikapata saa nne za safari. Nikaandika saa ya kufika kwa tarakimu nilizozifuta mara tatu kwa sababu tano yangu ilikuwa na tumbo kubwa.

Ndege ilifika nusu saa kabla.

Ng'ombe walikuwa bado wanakula majani katikati ya uwanja. Nyapara wetu, Mswahili wa mtaa wa Isevya aliyekuwa askari vitani Burma, alikuwa amevua viatu anakunywa chai. Tuliisikia kabla ya kuiona, kisha ikatokea, ndege ndogo ya injini mbili yenye mabawa juu na mabawa chini, ikaanza kuzunguka. Ilizunguka mara tatu huku nyapara na vibarua wake wakikimbia peku na fimbo, na mimi nikiwa nyuma yao nimeshika chaki, kama kwamba chaki ingemwogopesha ng'ombe.

"Karani!" nyapara alinipigia kelele baadaye, anahema. "Wewe ubao wako umesema saa tano! Ng'ombe wangu hawana saa, wanasoma ubao wako!"

"Ni upepo," nikasema. "Leo upepo umeisukuma."

Nilidanganya. Upepo siku ile haukuweza kutikisa hata bendera. Bwana mkubwa aliniita ofisini, akachukua uzi mezani, akaubana kwa kidole kwenye Dar es Salaam katika ramani ya ukutani, akauvuta hadi Tabora ukanyooka, kisha akaniangalia. Reli ilikuwa imejipinda pale chini ya uzi, inakwenda Kilosa, inapanda, inashuka, inatafuta daraja. Uzi haukutafuta chochote. Nilipima kwa rula: maili mia nne hamsini na kitu. Masikio yaliniwaka moto kwa aibu, lakini naungama kwamba chini ya aibu kulikuwa na furaha iliyonifanya nitake kupiga kelele. Maili sitini na zaidi zilikuwa zimetoweka hivihivi, kwa kunyoosha uzi!

Sikulala vizuri wiki ile, na haikuwa kwa huzuni. Shule niliiacha darasa la sita baba alipofariki. Yote niliyoyajua baada ya hapo niliyapata kwenye vitabu vya kuazima na kamusi iliyokosa kurasa za mwanzo. Sasa nilipata kitu cha kujifunza ambacho hakikuhitaji mwalimu. Nilipima Tabora hadi Mwanza, Tabora hadi Kigoma, Kigoma hadi Dar es Salaam, Nairobi hadi Kairo. Nilipofika London uzi ukanisaliti, maana nilisoma kwamba dunia ni duara na ramani bapa huivuta pembeni. Nikachukua kibuyu cha maziwa cha nyumbani nikachora Afrika juu yake kwa makaa. Bibi yangu, mama wa baba, aliniuliza kama nimeanza uganga.

Niliandika kila kitu katika daftari: mji na mji, maili, saa na dakika. Ukurasa ukipata doa niliuchana na kuunakili upya. Nyapara alikuwa ameniita Karani wa Uzi, na jina likaenea hadi kwa wenye maduka wa Kihindi mjini. Nikienda kununua sabuni, mwenye duka huniuliza, "Leo Bombay umbali gani?" Nilikasirika, kisha nikaenda kupima Bombay.

Mwezi wa tatu wa majaribio yangu ndio mwezi wa harusi ya dada.

Dada yangu alikuwa anaolewa na kijana wa Puge, mtu mpole aliyepata kazi Kigoma na kutakiwa kuripoti wiki inayofuata. Harusi ilipangwa Jumamosi, saa nne asubuhi, katika kanisa letu la Moravian. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, na katika Kwaresima mchungaji wetu hafungishi ndoa. Ikipita siku ile, basi ni mpaka baada ya Pasaka, na bwana harusi yuko Kigoma, na wazazi wake hawakuwa watu wa kusubiri.

Wa kumkabidhi dada alikuwa lazima awe kaka yetu mkubwa. Baba hayupo, na kaka ndiye aliyekaa mahali pake katika mazungumzo yote na watu wa Puge. Alikuwa dresa, mfunga vidonda, hospitalini Dar es Salaam, na ruhusa alikuwa ameshapewa. Mvua ikanyesha, mto ukachukua kipande cha reli huko Ugogo, na treni zikasimama. Niliuliza kama mimi naweza kumkabidhi dada. Mjomba wa bwana harusi alinicheka kwa upole.

"Wewe, bwana mdogo? Hata mke huna. Tukichukua mwali mkononi mwa mtoto, tukirudi Puge tutasema nini?"

Jumatano ikaja simu ya maandishi kutoka kwa kaka. Kulikuwa na mgonjwa aliyekuwa anarudishwa Tabora kwa ndege, na hospitali ilitaka dresa wa kukaa naye njiani. RELI IMEKATIKA NAJA NA NDEGE JUMAMOSI NGOJENI.

Dada alinikumbatia mpaka kofia ikaanguka. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyekuwa amepanda ndege. Na ndani ya dakika ile ile, wote waliokuwa uani waligeuka wakaniangalia mimi.

"Basi sema," dada akasema, macho yakimng'aa. "Karani wa Uzi. Kaka atafika saa ngapi?"

Nilikuwa tayari. Karatasi ya ratiba nilikuwa nimeiona asubuhi: kuondoka pwani saa moja, kupitia Dodoma. Kwa kawaida ndege ilikuja moja kwa moja, kwa hiyo nilikuwa nimekwenda ramanini kupima kama Dodoma ingeongeza njia. Haikuongeza! Dodoma imekaa karibu kabisa juu ya mstari wangu, ziada yake maili mbili tu. Nilikuwa nimezihesabu hizo maili mbili, na nilijivuna kwa kuzihesabu.

"Saa nne na nusu," nikasema. "Na dakika moja."

Walishangilia. Mtu alitumwa kwa mchungaji kuomba harusi isogezwe mbele hadi saa tano kasorobo, na mchungaji akakubali, ila akasema lori la kumpeleka Sikonge litaondoka saa saba na yeye atakuwa ndani yake.

Alhamisi alasiri nilikuwa nimekaa na bibi kibarazani, tunabambua karanga za harusi. Bibi alikuwa ameitembea njia ile. Alikuwa binti mbichi, ameolewa karibuni, akamfuata babu aliyebeba pembe hadi Bagamoyo, yeye akiwa na chungu na mkeka kichwani. Alipenda kuitaja njia kambi kwa kambi, na sikuwahi kumsikiliza sawasawa, kwa sababu kambi hazina rula.

"Huyo kaka yako," akasema, "atakunywa maji wapi?"

"Bibi, ni mwendo wa saa tatu na nusu tu. Hatakufa kiu."

"Siulizi yeye. Nauliza hicho chombo. Pori la Mgunda Mkali halina maji. Sisi tulijaza vibuyu Tura, tukapita mbio."

Nikacheka. "Kinakunywa petroli, bibi. Kinatua Dodoma."

"Ugogo?"

"Ndiyo, Ugogo."

Akaacha karanga. "Ugogo mtu hapiti tu. Ugogo unakaa. Sisi tulikaa siku tano pale, mnyapara wa msafara anasalimiana na wenye nchi, wanaongea, wanakula, tunalala, wanaongea tena. Babu yako alikuwa anahesabu safari hivi: siku za kutembea hizi, siku za kukaa hizi." Alipanga maganda ya karanga mafungu mawili sakafuni. Fungu la kukaa halikuwa dogo. "Wewe la kukaa umeliweka wapi?"

Nililitazama fungu lile.

Sikuwa nimeliweka popote. Nilikuwa nimeihesabu Dodoma kama alama ya wino, kitu ambacho ndege hukipitia juu bila kupunguza mwendo. Lakini ndege ingetua, izime injini, ishushe barua za watu waliokwama na reli, ipakie, itie mafuta, iwashe tena. Mimi niliyezihesabu maili mbili nilikuwa nimeisahau ardhi yenyewe.

"Umepauka," bibi akasema. "Una homa?"

"Nimekosea, bibi."

"Basi si ukaseme?"

Ukaseme! Alivyolisema ungedhani ni kwenda kisimani. Ijumaa asubuhi nilikuwa uwanjani kabla ya wote, natafuta katika vitabu vya ofisi ndege hukaa Dodoma dakika ngapi. Nilipata safari chache za zamani. Moja ilikaa dakika ishirini, nyingine saa nzima, nyingine karibu saa moja na nusu kwa sababu ya mvua. Nikajumlisha, nikagawa, nikapata jawabu lenye dakika na nusu dakika, na nililichukia mara nilipoliona, kwa sababu nilijua ni uongo uliovaa suti. Nikaanza upya. Nikatoa ile ya mvua. Nikairudisha. Nyapara aliniona nimezungukwa na karatasi zilizokunjwakunjwa.

"Karani, umefiwa?"

Nikamweleza. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa sababu alikuwa ameshawahi kukimbia peku kwa ajili yangu. Nilipofika kwenye Dodoma nilisema pia, bila kuulizwa, kwamba siku ile ya ng'ombe haukuwa upepo.

"Najua," akasema. "Mimi ndiye ninayewasha moto wa moshi kuonyesha upepo. Ulidhani sijui upepo?" Akaketi juu ya debe. "Sasa shida iko wapi? Huko vitani tuliambiwa, chakula kinadondoshwa na ndege kati ya saa hii na saa hii. Hakuna aliyesema dakika. Tulikaa tayari kuanzia ile ya kwanza, tulilalamika baada ya ile ya pili. Katikati tulicheza karata."

"Lakini mchungaji anataka saa."

"Mpe mbili."

"Ataniona sijui kazi."

"Si hujui?" akasema, na akacheka hadi debe likalia. "Nenda. Ukirudi bila uso huo wa aibu nitakununulia mandazi."

Nilikwenda kwa baiskeli. Njia nzima nilikuwa natunga maneno, nayafuta, nayatunga. Mchungaji alikuwa anapalilia mahindi yake nyuma ya nyumba, suruali imekunjwa magotini.

"Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatoka jasho hivyo? Bibi harusi amekimbia?"

"Mchungaji, nilisema saa nne na nusu na dakika moja. Si kweli. Nilisahau kwamba ndege itasimama Dodoma. Mapema kabisa ni saa tano kasoro dakika kumi. Mwisho ni saa sita. Katikati hapo sijui. Nimejaribu kujua na sijui."

Nilingoja. Aliegemea jembe, akatazama mawingu, midomo ikitembea. Nilidhani anasali. Kumbe alikuwa anahesabu.

"Nina watoto wanne wanaongoja kubatizwa," akasema. "Nitawabatiza kesho, kwanza. Kwaya ina nyimbo sita, siku zote nawaomba waimbe tatu. Kesho waimbe zote. Mahubiri nitaweka kabla, si baada. Viapo vije mwisho." Alinitazama. "Ungeniambia saa tano kamili, ningekwisha maneno saa tano na robo na watu wa Puge wangeanza kuvaa kofia. Hii ya kwako naweza kuipanga. Saa sita ndiyo mwisho?"

"Ndiyo, mchungaji. Labda mvua—"

"Mvua si yako. Nenda."

Baiskeli iliruka mashimo kama ndama nikirudi. Siwezi kuieleza furaha ile mtu akanielewa. Nilikuwa nimesema sijui, kwa sauti, na mtu mzima alikuwa amelichukua neno lile akalifanyia kazi.

Jumamosi simu ya upepo ilisema ndege imeondoka pwani saa moja na dakika tano. Nikaandika ubaoni nyakati mbili, ya mapema juu na ya mwisho chini. Bwana mkubwa akapita, akasimama, akausoma ubao muda mrefu, akaenda zake. Baada ya hapo, radi zilikuwa nyingi upande wa mashariki na kifaa cha simu ya upepo kikatoa mkwaruzo mtupu. Hatukujua kama imetua Dodoma wala kama imeondoka.

Ng'ombe tuliwatoa mapema. Saa tano kasoro tano, mbingu tupu. Saa tano na robo, wingu, halafu hakuna. Nilikuwa nimesimama juu ya debe la nyapara. Saa tano na nusu upepo ulileta kwaya kutoka upande wa mjini, au niliota. Nilijaribu kuhesabu ni wimbo wa ngapi.

"Shuka, utaanguka," nyapara akasema.

"Imebaki nusu saa."

"Na ukishuka itabaki nusu saa hiyo hiyo."

Saa sita kasoro dakika kumi na saba niliisikia. Nilikuwa nimeapa kutopiga kelele kazini, na nilipiga kelele. Vibarua wakatupa majani mabichi motoni, moshi ukalala upande mmoja, ndege ikatoka chini ya wingu ikiwa nyeupe kama yai, ikageuka, ikashuka, ikaruka mara moja juu ya ardhi iliyolowa na kukimbia kuelekea kwetu na tope likiruka hadi kwenye mabawa.

Mlango ulifunguliwa na kaka akatoka kwanza, mgongo mbele, ameshika mgonjwa wake mkono. Alikuwa na sare nyeupe ya hospitali na tai ya harusi. Alinitazama, na yule kaka yangu asiyetabasamu akawa anacheka ovyo.

"Nimeiona Kilosa!" akanipigia kelele kabla hata ya salamu. "Nimeiona reli ilivyokatika, kama uzi! Tulikaa Dodoma mpaka nikadhani wametusahau. Nimechelewa?"

"Hapana," nikasema. "Kimbia."

Gari la hospitali lilikuwa linangoja. Njia yake ya kwenda hospitalini ilipita mbele ya kanisa, na mgonjwa mwenyewe, mzee wa Kiarabu aliyekuwa amekonda sana, akasema kwa sauti ndogo kwamba kama kuna harusi, dereva asimame kwanza hapo, yeye amengoja wiki tatu na anaweza kungoja dakika tatu.

Mimi sikwenda nao. Ilibidi nihesabu mizigo na kuandika saa ya kutua, na niliandika kwa haraka hivi kwamba tarakimu zote zilikuwa mbaya, na niliziacha. Bwana mkubwa aliziona. Alisema tu, "Baiskeli yako iko nje?" akanyoosha kidole mlangoni.

Nilifika kanisani vigelegele vimeshaanza. Dada alikuwa ngazini na mume wake, kaka yuko nyuma yao na tope mpaka magotini, mjomba wa Puge anamshika bega kana kwamba wamezaliwa pamoja. Mchungaji alikuwa ameshapanda lori, Biblia mkononi, sauti imemkauka kwa mahubiri. Aliponiona alinyanyua vidole viwili, kwa zile nyakati zangu mbili, kisha lori likaondoka.

Viapo sikuvisikia. Dada alinieleza baadaye kwamba kwaya ilikuwa kwenye wimbo wa sita, ubeti wa mwisho, na mchungaji alikuwa amewafanyia ishara waurudie, kaka alipoingia. Nilimwomba anieleze tena. Alinieleza mara nne siku ile.

Majaribio yalikwisha nikabaki kazini. Bado napima, bado nachana kurasa zenye doa, na bado naamka nikiwaza kama nimesahau kitu. Lakini mtu akiniuliza ndege itafika saa ngapi, sasa namwambia saa ya mapema na saa ya mwisho, na kilicho katikati namwambia sikijui.